Kutoka Hongo hadi Ushuru: Mji Mdogo na Hesabu Zake



Mhariri wa jarida hili aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nilidhani anataka habari za timu yetu ya mpira, au za viranja waliotuamsha saa kumi na moja alfajiri kwenda mchakamchaka. Kumbe sivyo. Alitaka niandike juu ya kazi ninayoifanya, yaani kazi ya Serikali za Mitaa katika mji mdogo. Nilimjibu kwamba habari hizo hazina mvuto: ni ushuru wa soko, mnada wa ng'ombe, bomba la maji, jaa la takataka na eneo la makaburi. Baadaye nilijilaumu kwa jibu lile. Mtu aliyekosa maji kwa siku tatu hawezi kukubali kwamba habari za bomba hazina mvuto, na mtu aliyefiwa hana habari kubwa kuliko mahali pa kumzika ndugu yake.

Kwa hiyo nimekubali. Nitaeleza jinsi mambo ya mji mdogo yalivyoendeshwa katika nyanda hizi za kati, hasa Mpwapwa na jirani zake Kongwa na Kibaigwa, tangu siku za misafara hadi zama zetu. Historia hii ni ndefu na ina sheria nyingi, lakini swali lake ni moja: mwananchi anapotoa mali yake kwa wakubwa wa mahali, nani humpa hesabu?

NENO LILILOGEUKA

Kijana wa Kidato cha Kwanza akiulizwa maana ya neno "hongo" atajibu bila kusita kuwa ni rushwa, na atapata alama zake. Lakini katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa na maana nyingine, na maana hiyo ilijulikana sana hapa Ugogo. Hongo ilikuwa ada ya kupita njia.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilipumzika Mpwapwa kwa kuwa palikuwa na maji na chakula. Baada ya hapo wapagazi walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha wakaingia Ugogo kwenyewe. Humo kila mtemi aliyeshika eneo lake alidai hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya. Msafara haukuruhusiwa kuendelea na safari mpaka shauri la hongo limekwisha, na shauri hilo liliweza kuchukua siku kadhaa. Richard Burton na John Speke waliopita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, waliandika malalamiko mengi juu ya hongo ya Wagogo. Ukisoma maandishi yao peke yake utadhani watemi wale walikuwa wanyang'anyi wa barabarani.

Lakini tuwatazame na wenyeji. Nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa wastani. Msafara wa watu mia kadhaa ukipiga kambi penye kisima kimoja, kisima hicho hukauka upesi. Kisima kilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, na nafaka iliyouzwa kambini ililimwa na wenyeji. Mgeni aliyetumia vitu hivyo alitozwa. Kwa macho yangu ya mtumishi wa Serikali za Mitaa, hayo yalikuwa mapato ya ndani, ya kwanza tunayoyajua katika nyanda hizi.

Tena mtemi hakuwa mtu wa kupokea tu. Alitazamiwa kuiombea nchi mvua na kuamua mashauri ya watu, na familia isiyoridhika naye iliweza kukusanya ng'ombe wake na kuhamia kwingine. Hapakuwa na daftari, lakini palikuwa na namna ya kumwajibisha.

Basi imekuwaje jina la ada ya njia likawa jina la rushwa? Mimi si mtaalamu wa lugha. Nasema kwa mazoea ya kazi. Malipo yanayoishia mkononi mwa mtu, ambayo hayana stakabadhi wala mahali pa kuulizia, hata yakiitwa ada, ushuru au mchango, hatimaye watu huyapa jina baya. Kinachotenga ushuru na hongo si ukubwa wa kiasi wala cheo cha anayepokea. Ni hesabu inayotolewa mbele ya waliolipa. Mambo yote nitakayoyaeleza hapa chini nitayapima kwa kipimo hicho.

BOMA NA KODI YA NYUMBA

Mwaka 1889 Wajerumani walijenga boma Mpwapwa. Mwaka uliofuata Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, alipita Ugogo, akakataa kutoa hongo, akawapiga Wagogo risasi na kuchoma vijiji. Kisha akajisifu kwa jambo hilo katika kitabu chake. Hivyo mwenye kutoza akabadilika. Mwaka 1898 Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Tembe la Mgogo, ambalo babu zetu walilijenga kwa miti na udongo ili kujikinga na jua na baridi, likawa kitu cha kuhesabiwa na kulipiwa. Fedha ilipelekwa bomani, na mlipaji hakuwa na kikao cha kuuliza imekwenda wapi.

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita Gulwe, kusini ya Mpwapwa, na mji ukaachwa pembeni. Dodoma ikapata stesheni, na biashara ikahamia huko. Vijana, mkijiuliza kwa nini Mpwapwa, yenye boma la zamani kuliko mengi ya bara, ilibaki kuwa mji mdogo, sehemu kubwa ya jibu ni njia ya reli hiyo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, nayo iliua maelfu ya watu. Ukame ulikuwepo, lakini ukame Wagogo walikuwa wameuzoea. Safari hii walikosa akiba, kwa kuwa mifugo na maghala vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na wenye bunduki. Katika historia yote ya Ugogo sijaona mfano mkali kuliko huo wa kutoza watu bila kuwajibika kwao.

BARAZA LA MTEMI NA OFISI YA BWANA SHAURI

Waingereza waliposhika utawala walitunga sheria ya miji mwaka 1920, na mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, wakatunga sheria ya utawala wa wenyeji. Kwa sheria hiyo ya pili watemi walipewa mabaraza, mahakama na hazina zao. Sehemu ya kodi ilirudi katika hazina hiyo ili kulipa mishahara ya watemi na makarani, na kugharamia huduma za wenyeji. Katika Ugogo jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi lilijulikana mbali, na wengi wetu tulikuta jina lake limepewa shule maarufu pale Dodoma. Hazina ya wenyeji ilikuwa hatua mbele, kwa kuwa sasa palikuwa na daftari, karani na makisio. Lakini daftari lilikaguliwa na Bwana Shauri, si na mkulima aliyelipa.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba mji na vijiji vilitenganishwa. Vijiji vilikuwa chini ya mtemi. Mji, penye maduka ya Wahindi na Waarabu, ulisimamiwa na ofisi ya Bwana Shauri. Mkulima aliyeteremka mjini na kikapu cha karanga au kuku wawili alikuwa mgeni sokoni, ingawa soko lilikuwa hatua chache kutoka shambani kwake. Mgawanyiko huo wa mji na kijiji tumeurithi, na hadi leo hutusumbua kila tunapopanga mipaka ya mji mdogo.

Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa, na mji ukaota porini kwa muda mfupi. Mvua ikapungua, ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa yapata pauni milioni 36. Hesabu za hasara hiyo zilisomwa, tena kwa kelele nyingi. Lakini zilisomwa London, katika Bunge la Uingereza, kwa kuwa fedha ilikuwa ya walipa kodi wa huko. Mgogo wa Kongwa, aliyeijua mvua ya Kongwa tangu utoto, hakuwa na kiti katika kikao kilichoamua.

UHURU NA MADARAKA MIKOANI

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Serikali iliondoa utawala wa watemi mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikashika kazi zao. Zilipewa mzigo mkubwa: shule za msingi, zahanati, barabara ndogo ndogo na maji. Fedha zilikuwa chache. Chanzo muhimu kilikuwa kodi ya kichwa pamoja na ushuru wa mazao. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1969, na ushuru wa mazao ukafuata mwaka 1970. Wananchi walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini halmashauri zilibaki kama mtu aliyeachiwa watoto wengi akanyang'anywa jembe.

Tarehe 1 Julai 1972 ukaanza mpango wa Madaraka Mikoani, uliotayarishwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya Kimarekani iitwayo McKinsey. Nia yake ilikuwa njema: kuyatoa madaraka Dar es Salaam na kuyapeleka mikoani na wilayani, karibu na wananchi. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na mabaraza ya miji yakafuata. Wakaja Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wilaya, pamoja na maofisa wa mipango, wote watumishi wa Serikali Kuu. Madaraka yalitoka Dar es Salaam kweli, lakini yalisafiri pamoja na maofisa na yakabaki mezani kwao. Wawakilishi wa wananchi walikuwa na vikao vya kushauri, ila fedha na watumishi havikuwa chini yao.

Kwa mkoa wetu miaka hiyo ilikuwa ya mambo makubwa. Operesheni Dodoma ilihamishia watu wengi katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1971 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Makao Makuu ya nchi yahamie Dodoma. Macho ya taifa yalikuwa kwetu. Lakini mji mdogo hauendeshwi kwa macho ya taifa. Mtaro ukiziba, anayetakiwa kujua ni mtu wa mtaa ule, na anayetakiwa kuamua ni mtu ambaye yule wa kwanza anaweza kumpigia hodi jioni.

Miji nchini ilichakaa. Takataka zilirundikana, mitaro ikaziba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Serikali ikapitisha sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1984, katika mazungumzo na jarida moja la nje, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuvunja Serikali za Mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa, na kwamba kama angeanza upya asingeyarudia. Vijana wengi hawajui habari hii. Naitaja kwa heshima, kwa sababu kukiri kosa hadharani nako ni kutoa hesabu.

KURUDI KWA HALMASHAURI NA KODI YA MAENDELEO

Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria tatu ambazo kila mtumishi wa Serikali za Mitaa huzijua kwa namba: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji, na Na. 9 ya fedha. Halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Sheria Na. 7 ndiyo iliyotoa nafasi kwa Mamlaka ya Mji Mdogo ndani ya wilaya, yenye wenyeviti wa vitongoji kuwa wajumbe wake. Chombo hicho kiliwekwa katikati: si kijiji tena, wala si halmashauri kamili. Makisio yake yalipaswa kupita kwa halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo soko liko mjini, ushuru hutozwa mjini, lakini uamuzi wa mwisho juu ya fedha huweza kufanyika katika kikao ambacho wajumbe wake wengi wanatoka vijiji vya mbali, na ambao nao wana shida zao za haki.

Halmashauri zilirudi pamoja na kodi ya kichwa, safari hii ikiitwa kodi ya maendeleo. Hapa naomba niseme niliyoyaona mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilirudi kijijini likizo ya Juni nikakuta baba hayupo. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba analala shambani kwa sababu watoza kodi wanapita na mgambo. Alirudi siku ya tatu, akauza mbuzi, akalipa. Tangu siku hiyo alitembea na stakabadhi ile katika mfuko wa shati, ameifunga kwa nailoni isilowe, kwa kuwa aliweza kusimamishwa njiani wakati wowote na kuambiwa aionyeshe.

Nilimwuliza baba fedha ile imefanya nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa upepo umekwenda wapi. Hakuwa mtu wa kukataa kuchangia; alijenga darasa la kijiji kwa mikono yake, na tofali zake nilizihesabu. Alichokosa ni mahali pa kuuliza. Alikuwa na stakabadhi, lakini hakuwa na hesabu.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mbalimbali ulioitwa kero, na mwaka uliofuata leseni za biashara ndogo zikafutiwa ada. Serikali Kuu ikafidia kwa ruzuku. Hakuna aliyeililia kodi ile, na mimi sikuililia. Lakini yalitokea tena yale ya 1969: halmashauri ilianza kutazama juu zaidi kuliko kutazama chini. Fedha ikitoka juu, taarifa nayo huandikwa kwenda juu.

SWALI LA MUUZA MBOGA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Baada ya kumaliza Chuo Kikuu na kuajiriwa, nilipangiwa kazi katika mji mdogo mmoja wa nyanda hizi, ambao sitautaja. Siku moja uliitishwa mkutano wa wananchi pale sokoni, nami nilikuwa mwandishi wa mkutano. Mama mmoja, muuza mboga, alisimama na kopo la maziwa ya unga. Akalimimina juu ya meza yetu. Zilikuwa stakabadhi za ushuru wa soko za miaka mitatu, zimekunjwa vizuri, kila moja sh. 100. Akasema, "Wanangu, mimi nimelipa kila siku niliyokuja hapa. Naomba mnionyeshe choo kiko wapi."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Soko lile halikuwa na choo. Akina mama waliomba kwenye nyumba za jirani, au walivumilia hadi jioni. Mwenyekiti alijibu kwamba swali ni zuri na litashughulikiwa, kisha tukaendelea na agenda. Nilipoketi usiku kuandika muhtasari, niliona swali lile litatutia aibu kwa wakubwa. Niliandika: "Wananchi walihimizwa kuendelea kulipa ushuru." Swali sikuliandika.

Miezi michache baadaye tulikaa kuandaa makisio. Kazi ya makisio huanzia kwenye mihutasari. Jambo lisilokuwemo humo halina pa kushikia. Choo hakikuwemo, kwa hiyo hakikupangiwa fedha. Nilijua kwa nini, na nilinyamaza. Nilipiga hesabu baadaye peke yangu: sh. 100 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ni sh. 30,000 kwa muuzaji mmoja. Na wauzaji 60 wa mboga na matunda peke yao ni sh. 1,800,000 kwa mwaka. Choo cha matundu machache kingeweza kuanza.

Mvua zilipokuja, ugonjwa wa kuharisha ulizuka na soko likafungwa kwa wiki mbili. Mama yule alikaa nyumbani wiki mbili bila kuuza. Kabla sijapata ujasiri wa kumwendea, nilihamishwa. Choo kilijengwa baadaye na wengine. Tangu hapo, kila ninapoandika muhtasari, swali la mwananchi naliandika kama alivyolisema, pamoja na jibu alilopewa, hata kama jibu ni kimya. Sidai kwamba nimelipa deni. Nasema ili vijana mjue kwamba fedha ya umma haipotei kwa wizi peke yake; hupotea pia kwa kalamu ya mwandishi mwoga.

KIBAIGWA NA SOKO LA NAFAKA

Nisiwaache na sura ya masikitiko. Tuipande barabara kuu ya Morogoro hadi Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa, wilaya iliyomegwa kutoka Mpwapwa katika miaka ya 1990. Kwa barabara na kwa mahindi kijiji hicho kimekuwa mji. Nafaka ya Kongwa na ya Kiteto, mkoani Manyara, huteremshwa katika soko lake kubwa, na wafanyabiashara huifuata kutoka miji ya mbali. Mizani, wachukuzi, mama lishe, nyumba za wageni, vyote vimefuata gunia la mahindi.

Kibaigwa inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mji mdogo unaweza kuwa na chanzo chake cha mapato, tena kikubwa kuliko vya miji mingine iliyoutangulia. La pili, chanzo hicho kinategemea uamuzi wa mbali. Kwa miaka mingi ushuru wa mazao uliruhusiwa usizidi asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge liliushusha uwe asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tuseme mzigo wa mahindi una thamani ya sh. 100,000: palipotozwa sh. 5,000 sasa pakatozwa sh. 2,000. Mkulima alipata nafuu ya kweli, na asiyeiona nafuu hiyo hajawahi kubeba gunia. Halmashauri nayo ilipoteza mapato kwa kila mzigo, na kazi za soko hazikupungua. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana yanahitaji kujadiliwa na watu wenye gunia na watu wenye ufagio katika kikao kimoja.

Vivyo hivyo kodi ya majengo. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme. Njia hii ni rahisi na haina usumbufu, wala hakuna mgambo. Lakini mtu hulipa bila kuonana na mtu, na ambaye huonani naye ni vigumu kumwuliza. Mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru zimesaidia sana kuziba mianya ya stakabadhi za kughushi, nami nazisifu. Hata hivyo mashine hutoa stakabadhi tu. Hesabu bado hutolewa na binadamu, kwa mdomo wake, mbele ya binadamu wenziwe.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, kuna methali tuliyoiimba darasani bila kuifikiri: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba daftari lisilosomwa kwa mwenye mali ni nusu ya kazi. Mtemi wa kale hakuwa na daftari, lakini watu wake waliweza kumwacha. Boma lilikuwa na daftari, lakini watu hawakuweza kuliuliza. Maofisa wa 1972 walikuwa na elimu na nia njema, ila walikosa mtu wa kuwapigia hodi. Baba yangu alikuwa na stakabadhi bila kikao, na mama wa soko alikuwa na stakabadhi na kikao, akamkosa mwandishi.

Kwa vijana mlioko shuleni: mtakapofikisha umri wa miaka 18, msisubiri uchaguzi mkuu peke yake. Nendeni kwenye mkutano wa kitongoji, mtaa au kijiji chenu. Ombeni mapato na matumizi yasomwe. Ulizeni swali fupi linalojibika, kama lile la choo, kisha mwulize mwandishi kama ameliandika.

Kwa wahitimu wenzangu, ambao wengi wenu ni wahasibu, madiwani, watendaji na walimu: kazi hii ndogo ndogo tunayoidharau ndiyo serikali ambayo mwananchi huiona kwa macho yake kila siku.

Nina pendekezo moja kwa kamati ya maandalizi. Tutakapokusanyika shuleni kwa sherehe yetu, kabla ya chakula cha mchana, tuteremke wote sokoni kwa miguu, kama tulivyokuwa tukiteremka Jumamosi kununua karanga. Tupite kwenye ubao wa matangazo tuone kama mapato na matumizi yamebandikwa, na ni ya mwezi gani. Kisha tuwaulize akina mama wa mboga wanasemaje. Mimi nitakuja na daftari.